Kuku wa Kalembe na Ndoo ya Pumba Chachu

Vijana wa biro yetu, ofisi ya mifugo hapa Masisi, tangu nilipoacha kazi hamkuniacha nipumzike. Kila tukikutana sokoni ni neno moja tu: Mama Kuku, tuandikie. Haya, nimekaa. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na hakuna kuku aliyewahi kuniuliza nina cheo gani. Mshahara nao nauacha, mnajua wenyewe unavyokuja na mnajua pia unavyokosa kuja. Nitawaandikia juu ya ndoo, pumba, na wanawake wawili ambao kazi hii ilinikutanisha nao. Kama nisingewajua hao, ningesema nilifanya kazi ya kuku tu.

Nilitoka shuleni nikiota ng'ombe. Nani katika vilima hivi haoti ng'ombe? Nilijiona nimevaa buti ndefu, sindano mkononi, wazee wenye mifugo wakiniita daktari. Siku ya kwanza nilimkuta Papa Bauma, veterineri, daktari wa mifugo aliyekuwa mkubwa wa biro, amechuchumaa nyuma ya nyumba mbele ya ndoo ya plastiki iliyofunikwa kitambaa. Hakuuliza jina langu. Alisema, "Karibia. Funga macho, nusa."

Nilinusa. Ilikuwa harufu kali, kama maziwa yaliyoganda yakachanganywa na pombe ya ndizi.

"Imeoza," nikasema.

"Hapana, imechacha. Weye utajifunza kuachanisha hizo mbili, kisha tutasema juu ya ng'ombe."

Juu ya ng'ombe hatukusema tena mpaka alipostaafu. Aliniambia ng'ombe wana watu wakubwa wa kuwatetea, lakini kuku ni wa akina mama, na mama akiwa na mayai nyumbani, mtoto anaenda shule ameshiba na mgonjwa anapona haraka. Nilivunjika moyo, siwafichi. Nilikaa na huzuni hiyo karibu msimu mzima wa maharage. Halafu siku moja nikajikuta nimeamka mapema, kabla ya chai, naenda kunusa ndoo, na hapo nikajua nimeshanaswa.

Kwa wale ambao bado wanalisha kuku wao pumba kavu inayopeperushwa na upepo, kazi yenyewe ni hii. Chukua pumba ya mahindi au ya mtama kwenye mashini ya kusagia, na mahindi yaliyovunjika kama yapo. Tia kwenye ndoo ya plastiki. Ya chuma hapana, uchachu utakula chuma na kuku watakula kutu. Mimina maji ya chemchemi mpaka yaipite pumba kwa vidole viwili, maana pumba inayobaki juu ya maji ndiyo inayoota ukungu. Funika kwa kitambaa, usibane kwa kifuniko. Kile kitu kinapumua, na mimi nimewahi kurushiwa kifuniko usoni mbele ya wanafunzi. Koroga asubuhi, koroga jioni. Kwa baridi yetu ya Masisi inakawia. Ukiteremka upande wa Walikale, kwenye joto, inawahi. Ikianza kutoa povu dogo dogo na harufu ya uchachu safi, iko tayari. Chuja, lisha, osha bakuli, na yale maji yaliyobaki yaachie pumba mpya, yataichachusha upesi zaidi. Ukiona manyoya ya ukungu, meusi au ya kijani, au ikinuka kama mzoga, mwaga mbali na kuku. Usihurumie pumba.

Faida yake kuku mwenyewe atakuonyesha. Anakula kidogo na kushiba, kinyesi chake hakinuki sana, na pumba ya mama maskini inafika mbali. Papa Bauma alizunguka nayo vijiji vingi kabla sijafika, akifundisha. Wengine walimsikiliza, wengine walimwona ni mzee anayepikia kuku pombe.

Kesi ya Kalembe ilikuja nikiwa bado mgeni kazini. Kijana wa pikipiki alifika biroini, matope mpaka mabegani, akasema sefu wa mugini, mkuu wa kijiji, anaomba veterineri aje mbio. Kuku wa Mama Riziki wamekufa karibu wote katika siku moja, na mugini umekamata mulozi, mchawi aliyewatilia sumu.

Papa Bauma alikuwa amelala na malaria, blanketi mpaka kidevuni. Nilimweleza.

"Nenda weye," akasema.

"Papa, banasema ni sumu. Kama sijui?"

"Kama hujui, utasema hujui. Lakini fungua kuku kwanza. Kuku aliyekufa hasemi uongo."

Nilipanda nyuma ya ile pikipiki. Njia ya Kalembe mnaijua, sitaipotezea kurasa. Nilifika, nikakuta watu wamejaa uani kwa Mama Riziki. Alikuwa mwanamke wa pale pale, mzaliwa wa kilima kile, mume wake amekwenda kuchimba mawe ya madini huko Omate na amekawia kurudi. Kuku walikuwa mkono wake wa kulia. Kwa kuku alinunua daftari za watoto, kwa kuku alitibiwa. Sasa walikuwa wamelazwa kwenye majani ya mgomba, wamepangwa kama marehemu, na yeye amekaa chini kando yao bila kilio.

Waliyemwita mulozi walikuwa wamemfungia na watoto wake katika ghala la sefu. Jina lake Mama Espérance, mkimbizi aliyetoka vilima vya juu na watoto wadogo wawili. Mama Riziki mwenyewe ndiye aliyempa pembe ya jiko alale, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita mulozi. Jana yake jioni watu walikuwa wamemwona akimimina uji wenye harufu kali kwenye kibakuli cha kuku, na kuku walipoanza kuanguka, nani angefikiri kitu kingine? Vijana kadhaa walikuwa na fimbo. Hawakuwa wabaya, niliwafundisha baadaye wawili kati yao kuchanja. Lakini siku ile walikuwa na fimbo.

Sefu, mzee mtulivu aliyeonekana amechoka, alinivuta pembeni. "Dada, sema haraka. Hawa batoto siwezi kuwazuia mpaka jioni."

Niliomba kisu na maji. Nikapasua kuku wa kwanza mbele ya wote, kile kifuko cha shingoni ambamo kuku hukusanya chakula kabla ya kukisaga. Kilikuwa kimejaa vipande vyeupe na maganda ya muhogo mabichi, yamebana mpaka hayapumui. Nikapasua wa pili. Hivyo hivyo. Wa tatu. Ule uji haukuwamo hata tone.

"Mama Riziki," nikauliza, "ni muhogo gani umevuna?"

Alijibu jirani. "Ule muchungu. Alivuna shamba yote mara moja, sababu batu banaiba. Maganda iko kule nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la maganda, bado yana unyevu, limeparuliwa na kuku pande zote. Nikawauliza wanawake waliokuwepo: ule muhogo muchungu, ninyi wenyewe mnaula hivi hivi ukitoka shambani?

Wakashangaa. "Haa! Utakufa. Lazima kuuloweka kwanza, uchache, kisha jua."

"Na kuku je?"

Maganda machache ya muhogo mutamu kuku wamekula tangu zamani, ndiyo maana hakuna aliyewaza. Lakini lundo la muchungu, kuku wenye njaa, mvua iliyowafungia uani asubuhi nzima; walishiba sumu iliyo ndani ya muhogo wenyewe.

Nilidhani nimemaliza. Kijana mmoja akasema, "Na ile uji yake inayonuka? Ile ni nini?"

Wakaleta ndoo ya Espérance. Nilifunua kitambaa, na harufu ikanipanda puani, ile ile ya siku yangu ya kwanza. Pumba ya mtama, imechacha vizuri, povu dogo juu. Nilikaribia kucheka kwa furaha, mahali ambapo kucheka hakukufaa. Niliomba waende wamwulize huyo mama, kupitia mlango wa ghala, alijifunza wapi. Jibu likarudi: kwa mzee mmoja wa mifugo aliyepita kijijini kwao kabla ya vita, mzee anayependa kunusa.

Espérance alikuwa na kuku wake mmoja, amemfunga mguu kwa kamba kule jikoni asipotee. Huyo hakufika kwenye lundo la maganda. Alikuwa amekula ile pumba chachu peke yake, na alikuwa mzima, anatupigia kelele. Nikawaonyesha kuku huyo. Bado nikaona macho ya wale vijana hayajatulia. Basi nikachukua kikombe, nikachota yale maji ya pumba, nikanywa.

Wakanipa kiti. Nadhani walitaka niwe na mahali pazuri pa kufia. Nilikaa pale, mugini mzima unanitazama usoni, watoto wamekaribia kabisa ili wasikose kitu. Jua likasogea. Bibi mmoja akachoka kungoja, akaenda kupalilia. Mwishowe sefu akasimama, akasema, "Huyu hafi. Fungua mulango."

Espérance alitoka akiwa amebeba mtoto mmoja na kumshika mwingine mkono. Hakumtukana mtu. Alisimama mbele ya Mama Riziki, akangoja. Kila mtu alijua anangoja nini. Mama Riziki alisimama, akakung'uta vumbi kwenye kitenge chake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake asubuhi Espérance aliondoka kuelekea Kitshanga na watoto wake na yule kuku. Mimi nilibaki siku kadhaa kuwafundisha wanawake kuloweka maganda, kuyaacha yachache, kuyaanika mpaka yakauke kabisa, na hata hapo kuyachanganya kidogo tu na pumba. Mama Riziki alikuja kwenye mafunzo yote. Alikaa nyuma, na alifanya kila kitu sawasawa.

Niliporudi, Papa Bauma alikuwa ameketi, homa imemwacha. Nilimsimulia yote.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa, Papa."

"Ilikuwa namna gani?"

"Chachu."

"Basi ilikuwa muzuri," akasema, akaniomba chai. Sifa kubwa kuliko hiyo sikupata kwake, na hiyo ilinitosha. Alistaafu, akarudi kilimani kwao, akafa kwa uzee katika kitanda chake, jambo ambalo si wengi hapa kwetu wamejaliwa. Namshukuru kila ninapofunga macho na kunusa.

Miaka ilipita, nikazunguka na pikipiki na kisanduku cha chanjo, kisha ikafika zamu yangu ya kukimbia vita. Watu wa Masisi, sina haja ya kuwaeleza. Nilifika Kitshanga na kitenge na kitambulisho, nikalala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wengi. Mimi niliyezoea kufika mahali nikisubiriwa, nilisimama kwenye foleni ya maji kama kila mtu. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mama Kuku?"

Alikuwa Espérance, amenenepa kidogo, watoto wamempita urefu. Alinitazama kitenge, akatazama miguu yangu. Akachukua bidoni yangu ya maji. "Twende nyumbani," akasema.

Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, mkatoliki wa misa ya asubuhi, mwenye duka, mashini ya kusaga na lori lililokuwa limesimama kwa sababu barabara imefungwa. Chakula cha kuku kilichokuwa kinatoka Goma hakikuwa kinafika tena. Watu walikuwa wanachinja kuku wao wa mayai mmoja mmoja, si kwa sikukuu, kwa kukosa cha kuwalisha. Na katika kambi ya wakimbizi, ukimwambia mama alishe kuku mahindi, anakuuliza: nimpe kuku, mutoto ale nini?

Tukaanza na vile ambavyo mtoto hali. Pumba iliyobaki mashinini, machicha ya mtama kwa akina mama wanaotengeneza pombe ya kasiksi, maganda ya viazi. Papa Kambale alitupa mapipa ya plastiki na kivuli nyuma ya duka. Baada ya wiki alikuja ameshika pua. "Mama, wateja banauliza kama nimefungua kabare ya pombe."

"Waambie ni ya kuku, Papa."

"Nimewaambia. Sasa banauliza kama kuku banalipa." Lakini mapipa hakuyadai.

Pipa la kwanza kubwa lilitushinda. Lilikuwa limebeba sabuni, tulilisuuza lakini haikutosha. Pumba ikalala pale bila povu, kisha ikaota ukungu. Wanawake walitaka kuipa kuku hivyo hivyo. Ni kambi, mtu hamwagi chakula. Nilisimama mbele ya lile pipa nikawakatalia, na mama mmoja akaniambia sijui njaa. Espérance hakubishana naye. Aliinama, akashika ukingo, akaanza kulimwaga mwenyewe shimoni, na mimi nikashika upande wa pili. Mapipa yaliyofuata tuliyasugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka Papa Kambale akasema tutayatoboa. Hayo yakafanya kazi. Kuku wakarudia kutaga, na mayai ya kwanza Espérance aliyapeleka kwa wanawake waliojifungua kambini, bila kumwuliza mtu.

Watu wa Kalembe nao walifika wakikimbia, msimu wa mvua uliofuata. Nilikuwa nachuja pumba niliposikia sauti ya kukohoa mlangoni. Mama Riziki. Amekonda, mjukuu mgongoni, maji yanamtiririka. Alikuwa ameelekezwa kwa "mama wa kuku" na alidhani ni mimi tu atakayemkuta. Espérance alitoka ndani na ndoo. Wakaonana.

Mama Riziki akapiga magoti pale pale kwenye matope. "Espérance, unisamehe. Ni miye nilikuita mulozi."

Espérance aliweka ndoo chini. "Mutoto atapata baridi," akasema. "Ingia." Alimvua mtoto nguo, akamfunga kitenge kikavu, akampa chakula. Kisha akamwambia mama yule, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulinisema mbele ya batu bote. Sasa unaniomba musamaha tukiwa wabili mu nyumba. Ikala hapa, lala hapa, tutafanya kazi pamoja. Lakini ile ya musamaha, bado."

Na ikawa hivyo. Walilala chumba kimoja, walikoroga pipa moja, mmoja akiugua mwingine alimpikia. Sikuwahi kusikia ugomvi kati yao. Lakini kitu kile kilikuwa kimekaa katikati yao kama mtu wa tatu mezani, na mimi sikuthubutu kukigusa. Njia ilipofunguka nilirudi Masisi kumalizia miaka yangu ya kazi. Wao walibaki na mapipa, na sasa wanafundisha wengi kuliko niliowafundisha mimi.

Siku yenu ya kuniaga mnaikumbuka. Mlipamba biro, sefu wetu mpya wa biro alisema mambo mazuri, mengine ya kweli. Wale wanawake wawili walifika na pikipiki moja kutoka Kitshanga, wamechafuka, wanabishana kama pumba ya jana ilikuwa imezidi maji. Mkawapa nafasi mbele na sahani za wali. Mkauliza kama kuna mgeni mwenye neno, na Mama Riziki akanyanyuka. Wengi wenu mlifikiri anakuja kunisifu, nikaona mmeshaandaa mikono ya kupiga makofi.

"Munamushukuru Mama Kuku, ni muzuri," alisema. "Lakini miye nimekuya na neno ingine. Huyu dada yangu Espérance, alikuyaka kwangu na batoto, anakimbia vita. Kuku yangu ilikufa na muhogo yangu, na miye nikasema mbele ya mugini muzima, huyu ni mulozi. Bakamufunga. Karibu bamuue. Ilikuwa bongo, si kweli. Nilijua siku ile ile ni bongo, nikafunga mulango sababu ya haya. Leo nasema mbele ya batu: hakuwa mulozi. Alikuwa analisha kuku yangu na pumba yake."

Hamkujua kama ni mahali pa kupiga makofi, na nashukuru hamkupiga. Mimi nilimtazama Espérance. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Mama Riziki alibaki amesimama, mikono imelegea, kama mtu aliyetua mzigo na hajui mikono aipeleke wapi.

Espérance akajifuta uso na ncha ya kitenge. Akamvuta mwenzake kwa sketi, akamkalisha, akasogeza sahani yake ya wali katikati yao wawili.

"Kula," akamwambia. "Inapoa."